Bila jirani yangu siamki kukimbia, na nikiwa naye pumzi inakata mapema

SWALI

Habari za kazi, wapendwa wa safu hii.

Mimi ni mama wa miaka 36, mkazi wa Sinza, Dar es Salaam, nafanya kazi ya uhasibu. Mwezi wa sita nilianza kukimbia asubuhi na jirani yangu. Alikuwa ananigongea geti saa kumi na moja na nusu alfajiri, tunatoka, tunaelekea Chuo Kikuu Mlimani, tunarudi. Wiki za mwanzo nilijikongoja tu, baadaye mwili ukazoea. Sasa kilomita 5 nikienda mwendo wangu nazimaliza kwa dakika 40.

Nina matatizo mawili. Kwanza, jirani ana kasi. Kilomita moja anaikata kwa dakika sita na nusu, tena huku anaongea na simu. Nikimfuata, kilomita ya tatu pumzi imekwisha na ugoko unauma. Naona haya kumwambia apunguze, maana yeye ndiye aliyenitoa ndani. Pili, mwezi uliopita walimbadilishia zamu kazini: wiki moja yupo, wiki inayofuata hayupo. Wiki ambayo hayupo sikimbii hata siku moja. Kengele ya simu inalia, naizima, najiambia nitakimbia jioni. Jioni ikifika kuna watoto na jiko. Na mume wangu hataki nitoke peke yangu gizani.

Tumejiwekea lengo la nusu marathoni, yaani kilomita 21, kwenye Kilimanjaro Marathon, pale Moshi, mwishoni mwa Februari. Zimebaki wiki kama 18. Je, nitafute mtu mwingine? Nimwambieje jirani bila kumuudhi? Na nifanyeje nisiwe mtu wa kusubiri kugongewa geti?

Mkimbiaji wa Sinza

JIBU

Dada, jirani huyo usimwache. Kazi ngumu kuliko zote ameshaifanya: amekutoa kitandani miezi kadhaa mfululizo, na mtu wa namna hiyo hapatikani kirahisi. Kilichoharibika ni kwamba mmemwongezea kazi ya pili bila kukubaliana, nayo ni kukupangia kasi. Mwenza wa mbio ni wa miadi. Kasi kila mtu anayo yake, kulingana na moyo wake, mapafu yake, misuli yake na miaka aliyokwisha kukimbia. Yatenganisheni hayo mawili na sehemu kubwa ya shida yako itaondoka.

Ni kweli kwamba aliyekuzidi anakuvuta. Miaka ya 1920 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Otto Köhler, aliwapima wapiga makasia wa Berlin wakinyanyua uzito, mmoja mmoja na kisha wawili wawili. Aligundua kwamba yule dhaifu hujikaza zaidi akiwa na mwenzake, ila hilo hutokea vizuri pale tofauti yao inapokuwa ya wastani. Ikiwa ndogo mno hakuna kinachomsukuma. Ikiwa kubwa mno anaona hata akijikaza ni bure. Sasa hesabu ya kwenu: dakika moja na nusu kwa kila kilomita. Katika kilomita 5 anakutangulia kwa dakika saba na nusu, yaani yeye akiwa amefika getini, wewe umebakiza karibu kilomita nzima. Hiyo ni tofauti kubwa. Ndiyo maana unachoka, na wala si uvivu.

Kipimo cha mwendo unaokufaa tumekizoea tangu shule: mchakamchaka. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na anayeshindwa kuitikia amezidi mwendo wake. Siku zako za kawaida uweze kusema sentensi ya maneno kumi bila kuikatiza kwa kuhema. Ukiona inakatika kwenye neno la tatu au la nne, punguza mara moja, hata kama ni kutembea dakika moja. Jirani anayeongea na simu yuko kwenye mwendo wake mwepesi kabisa. Wewe kwenye barabara hiyohiyo, dakika hiyohiyo, unakimbia kama uko kwenye mashindano, na unarudia hivyo kila mnapotoka. Pumzi inaweza kuzoea ndani ya wiki chache, lakini mfupa wa ugoko na misuli inayoushikilia huchelewa sana. Hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Uchungu ukienea sehemu pana ya ugoko na ukapungua baada ya mwili kupata moto, punguza kasi na umbali kwa wiki mbili. Uchungu ukiwa sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, na unauma hata ukitembea, acha kukimbia ukamwone daktari.

Kuna jambo dogo wengi hawalioni. Mkikimbia sambamba, tazama bega lake na lako. Mwenye kasi, bila kukusudia, hukaa nusu hatua mbele. Wewe unasogea kulifikia lile bega, naye anasikia hatua zako zinakaribia, anasogea tena. Baada ya kilomita mbili mmeongeza kasi na hakuna aliyeamua kuongeza. Dawa yake ni kwamba siku za mwendo mwepesi wewe ndiye utangulie. Barabarani, ambako hamwezi kwenda sambamba kwa ajili ya magari na bodaboda, aliye mzito awe mbele na mwepesi nyuma. Mnapopanda mlima, vivyo hivyo. Na kwa kuwa magari yetu yanapita kushoto, ninyi kimbilieni upande wa kulia, muyaone yanayokuja.

Kuhusu namna ya kumwambia, usianze na lawama wala usisubiri mkiwa barabarani mnahema. Mwambie jioni mkiwa mmetulia: “Jirani, bila wewe mimi nisingekimbia hata mita mia. Nataka tufike Moshi wote. Ila mwendo wako unanizidi, ugoko umeanza kuuma. Naomba siku mbili twende kwa mwendo wangu, siku ya tatu kila mtu wake.” Hapo umemshukuru, umetaja tatizo, umeleta na mpango. Usiogope kwamba unamrudisha nyuma. Wakimbiaji wa Iten na Kaptagat kule Kenya, ambao kwenye marathoni hukata kilomita kwa dakika 3 hivi, siku za mwendo mwepesi huanza kwa dakika 5 hadi 6, wakiwa kundi zima. Mwenye kasi anahitaji siku za taratibu ili siku ya kazi awe na miguu. Jirani akikupa wewe siku zake za taratibu, anapata mazoezi yake vilevile.

Sasa mpango wenyewe. Jumanne mnakimbia kwa mwendo wako, dakika 30 hadi 40, wewe mbele. Jumamosi ni siku ya umbali mrefu, nayo ni kwa mwendo wako. Jirani akitaka zaidi, ataongeza zake akishakufikisha nyumbani. Alhamisi kila mtu kasi yake, na kuna njia mbili za kufanya hivyo bila kuachana.

Njia ya kwanza ni kwenda na kurudi kwa saa. Wekeni simu zenu zilie baada ya dakika 20. Mnaanza pamoja, kila mtu mwendo wake, na simu ikilia kila mtu anageuka hapohapo alipo. Wewe utakuwa umekwenda kilomita mbili na nusu, yeye karibu kilomita tatu na mita mia. Mkirudi kwa mwendo uleule mtafika mlipoanzia kwa pamoja, dakika ya 40. Raha ya njia hii ni kwamba wakati wa kurudi wewe ndiye uliye mbele, naye anakukimbiza. Akikupita kabla ya mwisho, ama wewe ulianza kwa pupa ukaishiwa, ama yeye ameongeza kasi, na mtajua mkizitazama saa zenu. Tahadhari: mkishageuka kuna kama mita 600 kati yenu. Kwa hiyo njia hii ni ya kukishakucha, tena sehemu yenye watu kama ndani ya Mlimani. Gizani msiifanye.

Njia ya pili ni uwanjani au kwenye kipande cha barabara kilichonyooka. Pasheni misuli dakika 10, kisha kimbieni kwa nguvu dakika tatu, tembeeni dakika mbili, mara sita. Pimeni kwa dakika, msipime kwa mita. Mkipima kwa mita, yeye atamaliza na kukusubiri, mwili wake unapoa, na wewe utakatisha mapumziko yako kwa aibu. Mkipima kwa dakika mnaanza pamoja na kuacha pamoja, na zile dakika mbili za kutembea aliye mbele anarudi nyuma kukufuata. Anzeni na mara nne, mfike sita baada ya wiki tatu. Kwa wewe mwenye ugoko unaouma, subiri maumivu yaishe kabisa kabla ya kuanza hii.

Makubaliano ndiyo yanayobeba urafiki wa mbio, na mengi huvunjika kwa sababu hayakutamkwa. Semeni waziwazi: siku gani, saa ngapi, wapi, na anayechelewa anasubiriwa dakika ngapi. Dakika tano zinatosha. Zikipita, aliyefika anaondoka na hakuna kununa. Kuahirisha kufanyike kabla ya saa tatu usiku. Ujumbe wa saa kumi na moja alfajiri unaosema “leo sijisikii” unawalaza wawili, kwa sababu unakukuta bado uko kwenye shuka. Neno “tutaona” lisitumike. Kubalianeni na mvua pia, maana sasa ni vuli: manyunyu mnatoka, radi hamtoki. Na hatujafurahia hiyo simu yake. Mwombe mara moja, kwa upole, simu iwe ya kupima muda tu. Anayezungumza na simu hausikii mwendo wa mwenzake wala pikipiki iliyo nyuma yake.

Mahali pa kukutania pia pana uzito. Watu hupenda kusema mkutane njiani, ili kila mmoja aone aibu kumwacha mwenzake amesimama. Kwa wanaume wawili saa kumi na mbili asubuhi, sawa. Kwa mama anayesimama peke yake gizani, hapana. Endeleeni kugongeana geti, au mkutane penye taa na mlinzi, kama sheli iliyo karibu. Vaeni nguo za rangi ya kung'aa, na ile reflekta ya kizibao wanayovaa bodaboda ni rahisi na inaonekana mbali.

Wengine huwekeana faini, shilingi elfu mbili kwenye kibubu kwa kila siku ya kukosa. Sisi hatushauri, au mwisho wake uwe mwezi mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu vituo vya kulelea watoto kule Haifa, Israel, ulionyesha kwamba wazazi waliopigwa faini kwa kuchelewa kuwachukua watoto walizidi kuchelewa, kwa kuwa waliona wameshalipia. Mkimbiaji naye akishatumbukiza elfu mbili, analala kwa amani.

Twende kwenye wiki ambazo jirani hayupo, kwani hapo ndipo mbio zako zinapofia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Zamu hupangwa mapema, kwa hiyo kila ratiba yake ikitoka, kaeni dakika kumi na kalenda ya ukutani. Tia alama siku mtakazokuwa wote na siku utakazokuwa peke yako. Siku ya peke yako uliyoijua wiki mbili kabla unaikubali. Ile unayoigundua alfajiri inakushinda. Ulizeni vilevile kama wiki zake za zamu ya usiku anaweza kutoka saa kumi na moja jioni. Jumamosi moja mkiipata kwa njia hiyo, mmeokoa mazoezi makubwa ya wiki.

Mumeo katika hili la giza yuko sahihi, kwa hiyo mbio za peke yako tusizipange alfajiri hiyo ya saa kumi na moja na nusu. Novemba jua la Dar huchomoza karibu na saa kumi na mbili kamili, na Februari husogea hadi karibu saa kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo sasa hivi unaweza kutoka saa kumi na mbili kasorobo kukiwa kunapambazuka, ukakimbia dakika 25, ukarudi kuandaa watoto. Januari na Februari dirisha hilo litakuwa dogo, na hapo hamishia siku ya peke yako wikiendi. Mume akiwa na baiskeli, naye ni mwenza. Ila kwa mwendo wako wa kilomita saba na nusu kwa saa, baiskeli inayumba akijaribu kwenda sambamba nawe. Atangulie mita mia mbili, ageuke, akurudie. Hivyo hivyo mpaka mwisho.

Siku ya peke yako iwe fupi na isiwe na masharti mengi. Usiku weka raba, soksi, sidiria ya michezo na bukta au trakisuti kwenye kiti kimoja karibu na mlango. Simu iweke mbali na kitanda, mahali ambapo lazima usimame ili uizime. Kisha ahidi dakika kumi tu: ukishavaa na kutoka, kimbia dakika kumi, na zikiisha una ruhusa kamili ya kugeuka. Ruhusa hiyo iwe ya kweli. Siku nyingi utaendelea, kwa kuwa kigumu kilikuwa kutoka nje, na siku ukigeuka utakuwa umekimbia dakika 20 za kwenda na kurudi. Mtumie jirani ujumbe wa sauti kabla ya kufungua geti na mwingine ukirudi, wa sekunde chache: natoka, nimerudi, dakika 25. Naye akutumie zake. Miadi inaendelea hata kama mko barabara tofauti. Na hata zile wiki ambazo yupo, bakiza siku moja ya kutoka peke yako, ili usisahau namna ya kuamka bila kugongewa.

Mtu mwingine mtafute, lakini wa kuongeza. Watatu wana nguvu kuliko wawili: mmoja akiugua au akisafiri, wawili wanabaki. Wakizidi wanne, kupatana saa ya kutoka kunakuwa mtihani. Katika kumchagua, angalia kwanza saa zake, pili barabara yake, tatu kasi. Mwenye kasi sawa na yako anayeishi Mbagala hatakufaa Jumanne alfajiri. Vikundi vya joging vya mitaani ni mahali pazuri pa kuanzia, hasa Jumapili, kwa kuwa kundi huwa na wa mbele na wa nyuma. Aliyeko nyuma pamoja nawe ndiye unayemtafuta. Mkubaliane wiki mbili za majaribio, ili kuachana kusiwe ugomvi. Na kama humfahamu, mbio za kwanza ziwe mchana au ndani ya kundi, nyumbani wakijua uko wapi na nani.

Kwa hizo wiki 18, mbio ndefu za Jumamosi zipande hivi: anza kilomita 6, wiki ya pili 7, ya tatu 8, ya nne rudi 6 upumzike. Kisha 9, 10, 11, na kupumzika kwa 8. Kisha 12, 13, 14, na kupumzika kwa 10. Kisha 15, 16, 18. Wiki ya 16 shuka hadi 12, ya 17 hadi 10, ya 18 ni mashindano. Jambo la kusema na jirani mapema ni zile wiki za kushuka, kwa maana mwenye kasi huziona za kupoteza muda na kukushawishi uendelee kupanda. Usikubali, kwa sababu ni wiki hizo ndizo ugoko wako unapojijenga. Zikikutana na wiki ambazo hayupo, vizuri zaidi. Ukikosa wiki nzima, rudia umbali wa mwisho ulioukimbia, usiruke kufidia. Mbio zikizidi saa moja beba chupa ya nusu lita ya maji, kwa sababu joto la Dar lina unyevu na jasho halikauki upesi mwilini.

Kuanzia Desemba ongezeni vilima. Njia ya nusu marathoni ya Moshi inapanda kuelekea Mweka kabla ya kushuka, na anayefanya mazoezi kwenye tambarare tu atajuta mapema. Barabara za Mlimani zina miinuko ya kutosha. Chagueni mmoja unaochukua kama dakika mbili kuupanda, upandeni kwa hatua fupi, shukeni mkitembea, mara nne, halafu muongeze hadi nane. Hapa tofauti yenu haina madhara, kwa kuwa mnakutana kila mnaposhuka.

Na amueni sasa mtakavyokimbia siku yenyewe, msingoje mstarini. Ushauri wetu ni muachane pale pale mwanzo. Wewe mwendo wako ni kama saa mbili na dakika 50, ukiongeza na mlima inaweza kufika saa tatu. Yeye atakuwa amemaliza zamani. Akikusubiri njiani misuli yake itakaza, na ukimfuata kwenye ule mpando utaishiwa kabla ya kufika Mweka. Chagueni kabla ya kuanza sehemu moja inayoonekana, nje kidogo ya msongamano wa waliomaliza, akusubiri hapo na maji na kanga kavu.